Vipande Tu

Sufi iliyolowa ina harufu yake. Ndani yake kuna moshi, kuna kondoo, na kuna kitu kama maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni. Mwezi uliopita, shule zilipofungwa, mjukuu wangu Wawira, ambaye ni mwalimu kule Kaaga, alikuja kunitembelea, na kabla hata ya kukaa akamwaga gunia la sweta kuukuu hapo barazani kwangu.

“Cucu, nataka tuzifumue hizi.”

“Zimekukosea nini?”

“Siku hizi watu wameacha kutupatupa vitu. Sweta ikichoka unaifumua, unaosha uzi, unafuma kitu kingine. Nimeanza kujifunza kroshia kwa simu. Ni ya kupitisha wakati tu.”

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Kunieleza mimi habari za kufumua sweta ni kama kunieleza jinsi ya kukoroga uji. Nikamwuliza anataka kufuma nini.

“Vipande vya mraba,” akasema. Alikuwa ameinama akitafuta mahali uzi wa sweta ya kwanza unapoanzia, na hakuinua uso. “Vipande tu.”

Sikumwuliza tena. Nilileta karai na maji ya vuguvugu, tukaloweka uzi wa kwanza, na ile harufu ikapanda. Wawira aliendelea kuzungumza, lakini mimi sikuwa naye. Nilikuwa mtoto katika nyumba yetu ya mbao upande wa juu wa Embu, karibu na msitu, katika ule msimu wa ukungu ambao sikuelewa jambo hata moja lililotendeka nyumbani.

Jambo la kwanza ambalo sikulielewa lilikuwa kuja kwa Cucu wangu mimi. Huyu alikuwa mama yake Mama, na kwake kulikuwa Gachoka, kule chini kwenye joto. Kwa kawaida alikuja kwetu baada ya mavuno, akatuletea ndengu na kunde, akalala siku chache akiilalamikia baridi, akarudi. “Huku kwenu Mungu alisahau kuwasha jiko,” alikuwa akisema. Safari hiyo alikuja wakati shamba lake linahitaji palizi, amebeba nguo zake zote, na hakusema atarudi lini. Alimkuta Mama amelala kitandani mchana. Mama hakuwa mtu wa kulala mchana. Siku nyingine zote jua lilimkuta tayari ana kikapu cha majani chai mgongoni. Sasa alilala miguu ikiwa juu ya mto, na Vava, ndivyo tulivyomwita baba, ndiye aliyepika githeri ya mahindi na maharagwe. Aliiunguza, nasi tukaila hivyo hivyo.

“Mama ana nini?” nilimwuliza Cucu.

“Amechoka.”

“Amechoshwa na nini?”

“Marigu, enda uone kama kuku wametaga.”

Nikaenda. Zamani zile watoto hawakuelezwa mambo ya watu wazima. Kwa hiyo tuliyatazama mambo hayo kwa makini sana, tukayafasiri wenyewe, na mara nyingi tuliyafasiri vibaya.

Chini ya kitanda cha Mama kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake, chini ya nguo za kanisani, ililala sweta ndogo ya manjano yenye vifungo vyeupe. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuivaa. Nilikuwa mtoto wa pekee, na hata mimi sikukumbuka kuwa nayo. Niliwahi kuiomba nimvalishe mwanasesere wangu wa maganda ya mgomba. Mama hakunigombeza. Aliichukua tu mkononi mwangu, akaikunja polepole, akairudisha sandukuni. Tangu hapo nilijua kwamba hiyo ndiyo sweta ya thamani kuliko zote nyumbani, ingawa sikujua kwa nini.

Siku moja niliporudi kutoka shule nilimkuta Mama ameketi kitandani, sweta ile mapajani. Aliukata uzi shingoni kwa meno, akaanza kuvuta. Mstari mmoja ukayeyuka, kisha mwingine, na ile mikono midogo ikapotea kama iliyomezwa. Cucu alikuwa ameketi mbele yake akiuviringa uzi kuwa donge. Mama alikuwa akilia bila sauti, wala Cucu hakumwambia anyamaze. Aliendelea tu kuviringa.

Baada ya hiyo zikafuata nyingine. Ilifumuliwa sweta ya Vava ya kijivu, ikafumuliwa na yangu ya shule ya buluu, ambayo bado ilinitosha.

“Sasa nitavaa nini?”

“Utavaa koti la Vava.”

Nikaenda shule ndani ya koti lililonifika kwenye vifundo vya miguu. “Chifu amefika! Simameni!” wenzangu waliniitia, nao wakasimama kweli, wakapiga saluti. Nilirudi nyumbani nikilia, lakini Cucu hakuona shida. Alinipa karai, akanionyesha jinsi ya kuuosha uzi uliofumuliwa. Uzi kama huo hutoka umejikunja, kama nywele zilizosukwa muda mrefu. Tuliutundika kwenye kamba ya nguo, chini yake tukafunga mawe madogo ili uzito uunyooshe, na kwa siku kadhaa uani kwetu kulining'inia nyuzi za manjano, kijivu na buluu zikidondosha maji kwenye ukungu. Kuku walizikimbia.

Sindano za kufumia alizitengeneza Vava. Alizichomoa spoku kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yake, akazinoa juu ya jiwe, na upande wa pili akazivika vipande vya mti ili vitanzi visidondoke. Baada ya hapo baiskeli ilikwenda ikiyumba. Mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani mwake akawa anapita mbele ya kanisa akipepesuka, na wazee wa kanisa wakimtazama. Hakumweleza mtu yeyote spoku zilikokwenda.

Cucu alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu kwa sababu ya kusokota katani pajani tangu usichana wake. Kufuma alikuja kujifunza akiwa mtu mzima, kwa akina mama wa kanisa, na alinifundisha kwa maneno ya katani. “Usiukaze hivyo, humfungi mbuzi. Uache upumue.” Kila kipande kilikuwa shubiri moja kila upande, shubiri yake yeye, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Alipomaliza kimoja aliinamisha kichwa, midomo ikacheza kidogo, kisha akakitia kwenye kiondo pembeni yake. Siku nilipoanza kuvitoa kiondoni ili nivihesabu, alinishika mkono.

“Hivi havihesabiwi.”

“Kwa nini?”

“Fuma, mtoto.”

Nilipenda kufuma. Lazima niseme hivyo, kwa sababu yaliyofuata yangeweza kumfanya mtu adhani nilichukia. Nilipenda jinsi kitu kilivyotokea mikononi mwangu mahali ambapo hakukuwa na kitu. Ila nilitaka kujua kitu hicho ni nini.

“Cucu, tunafuma nini?”

“Vipande.”

“Vya nini?”

“Vipande tu.”

Nikadhani labda jirani yetu Mama Nyaga angefaulu mahali niliposhindwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na hakuna siri ya kijiji chetu iliyompita. Alikuja na kibuyu cha maziwa, akatukuta tumeketi jikoni na sindano zetu.

“Naona kiwanda kimefunguliwa,” akasema. “Mnafuma nini, mama wa Gachoka? Au mnamfumia ng'ombe sweta? Kwa baridi hii, ningemwelewa!”

“Ng'ombe hajaomba,” Cucu akajibu. “Ni vipande tu.”

Nilimtazama Mama Nyaga, nikingoja achimbue. Hakuchimbua. “Ahaa. Vipande tu,” akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Wakacheka wote wawili, lakini niliona macho ya Mama Nyaga yakielekea mlango wa chumba cha Mama, na kicheko chake kikaisha kabla ya wakati. Akaingia chumbani, wakaomba kwa sauti ya chini, akaondoka akijipangusa uso kwa leso.

“Umemdanganya Mama Nyaga?” nilimwuliza Cucu, maana ni yeye aliyenifundisha amri za Mungu kabla sijaanza shule.

“Hapa unaona nini?”

“Vipande.”

“Basi nimedanganya wapi?”

Jumapili iliyofuata, mwalimu wetu wa watoto kanisani alitueleza jinsi watu wa kale walivyowaandaa wafu wao. Waliwazungushia vitambaa toka kichwani hadi miguuni, akasema, kabla ya kuwalaza kaburini. Nilikuwa nimeketi mbele, ndani ya koti la Vava. Nilimkumbuka mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu. Kabla ya kufa aligawa vitu vyake, redio kwa mwana huyu, kofia kwa yule, na siku ya mazishi nilimwona amefunikwa blanketi jipya.

Ndipo kila kitu kilipojipanga. Mama halali kitandani bure. Amekiharibu kile alichokipenda kuliko vyote, kama yule mzee aliyegawa vitu vyake. Cucu ameliacha shamba lake na kuja na nguo zake zote kwa sababu ndiye atakayebaki kunilea. Watu wanakuja kumwombea Mama kwa sauti ya chini. Na sisi tunafuma blanketi, kipande kwa kipande, ambalo hakuna mtu anayethubutu kulitaja kwa jina, kwa sababu ni la kumfunikia Mama kaburini.

Kiondo kilikuwa kimekaribia kujaa. Jioni hiyo nilikuwa na kipande cha uzi wa manjano, nami nilikuwa nimefika nusu. Nikaziweka sindano chini.

“Sifumi tena.”

“Umechoka?”

“Sijachoka. Sitaki viishe.”

Cucu aliweka sindano zake chini. Nilidhani atanigombeza. Badala yake aliweka ule mkono wake mgumu juu ya kichwa changu na macho yake yakalowa. “Usiogope,” akasema. “Hata mimi ninaogopa. Kiache kwenye sindano, kitakungoja.” Sasa ninajua kwamba alidhani ninaogopa kile alichokuwa akikiogopa yeye. Lakini wakati ule nilisikia tu kwamba Cucu, mtu mwenye imani kuliko wote niliowajua, anaogopa, nami nikaamini kwamba nimefasiri sawasawa.

Haikupita wiki, mchana wa mvua kubwa, Mama akapiga ukelele. Vava alikimbia kumtafuta mtu mwenye pikapu. Walimbeba Mama akiwa amefungwa ndani ya lile koti, na pikapu ikateleza kwenye matope pale mlimani, wanaume wakaisukuma, ikaondoka. Nilibaki na Cucu. Akaongeza kuni mekoni, akavimwaga vipande vyote mezani, akatunga uzi kwenye sindano ya gunia, kisha akaichomeka sindano hiyo kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akaketi. Hakushona.

“Mbona huviungi?”

“Bado.”

“Unangoja nini?”

“Nangoja Mungu aseme.”

Nikatoka nje. Nilipiga magoti nyuma ya kibanda cha kuku, mvua ikiniingia shingoni, nikamwomba Mungu anyamaze. Nilimwambia kwamba kama hatasema kitu, Cucu hataunga vipande, na kama vipande havitaungwa, Mama hawezi kuzikwa. Nimeomba sala nyingi maishani mwangu, nyingine mbele ya kanisa zima, lakini sijui kama nimewahi kuomba kwa bidii kama siku ile, nikimwomba Mungu wangu asifungue kinywa.

Asubuhi ukungu ulipokuwa ukiinuka, Vava alitokea langoni kwa miguu, matope hadi magotini, kofia mkononi. Akaivaa kofia, akaivua tena. Cucu akasimama.

“Sema, mwana wangu.”

“Ni kijana,” akasema Vava.

“Na mama yake?”

“Amekunywa uji. Ameumaliza.”

Cucu, aliyekuwa akisema kila siku kwamba baridi yetu imemziba koo, akapiga vigelegele vilivyofika msituni. Kwa Mama Nyaga wakajibu. Boma lililofuata likajibu, kisha jingine ng'ambo ya bonde, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ua nikiuliza, “Kijana gani? Kijana gani?” Hakuna aliyenisikia. Neno moja tu nililolishika ni kwamba Mama amekunywa uji, na kwamba mtu anayekunywa uji hajafa.

Mama Nyaga alifika wa kwanza, akikimbia na gamubuti za shambani. Hakusalimia. Alitia mkono ndani ya leso yake kiunoni, akatoa vipande vyekundu na vya kijani, shubiri moja kila upande.

“Vipande tu!” akasema, akicheka na kulia.

Nyuma yake alikuja mwanamke mwingine, naye akatoa vyake. Wakafuata wengine. Mmoja vyake vilikuwa vimefichwa ndani ya Biblia, mwingine kwenye kikapu chini ya viazi. Kijiji kizima kilikuwa kimefumua sweta zake na kukaa kimya. Walitandika mikeka, wakaketi kwa duara, wakachomoa sindano za gunia, na maneno yote waliyoyazuia msimu mzima yakawatoka kwa pamoja, kwa kelele ya kuku waliofunguliwa.

“Blanketi ni la nani?” niliuliza.

“La mdogo wako, mtoto wewe!” akasema Mama Nyaga. “Kwani ulidhani ni la nani?”

Nikaangua kilio, nikalia mpaka nikakosa pumzi, na wanawake wakacheka. “Tazameni, ameanza kumwonea mtoto wivu hata hajamwona!” Cucu peke yake hakucheka. Alinivuta kwake, akaendelea kushona akiwa amenikumbatia kwa kiwiko. Nilipomletea kile kipande changu cha nusu na kumwambia ninataka kukimalizia, aliyatazama macho yangu yaliyovimba, akakifunga kwenye kitambaa pamoja na spoku zake.

“Hiki ni chako,” akasema. “Si kila kitu lazima kiishe leo.”

Kabla jua halijazama, blanketi lilikuwa tayari.

Mambo mengine nilikuja kuelezwa nilipokuwa mwanamke mzima. Kabla yangu mimi Mama alipata mtoto ambaye hakuishi, na baada yangu mwingine. Ile sweta ya manjano ilifumwa nzima, mikono na vifungo, kabla mtoto mwenyewe hajaja, naye alipokuja hakukaa. Wazee wetu hawakumtengenezea nguo mtoto ambaye bado yuko njiani. Ilikuwa kama kujigamba mbele ya Mungu. Cucu aliniambia kwa kinywa chake kwamba huo ni uoga wa zamani, na kwamba Mungu hawezi kukasirishwa na sweta ndogo. Alisema hivyo, na bado hakufuma hata mkono mmoja. Alifuma vipande. Nimefundisha watoto kanisani miaka mingi, nimesoma, nimeomba, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ule uoga wa zamani umevaa nguo za kanisani, au ilikuwa namna ya imani ambayo sikufundishwa na mtu mwingine yeyote: mtu ajiandae kwa yote aliyo nayo, lakini asidai. Nimeacha kulazimisha jibu. Ninashukuru tu kwamba mdogo wangu ni mzee mwenye kipara, na bado ananibishia kila Krismasi.

Blanketi lilimfunika yeye na wanawe mpaka likachakaa, likafumuliwa nalo, uzi uliobaki ukawa soksi.

Kumbe Wawira alikuwa ananiita. “Cucu, maji yamepoa.” Tulitundika uzi, tukaufunga mawe, nami nikamwonyesha shubiri. Ulipokauka aliketi hapo barazani na ndoano yake ya kroshia, na kazi yake ilikuwa nzuri, si ya mtu aliyeanza juzi. Mwaka juzi mjukuu wangu huyu alitoka hospitali mikono mitupu, nasi tukampokea na kumpikia. Jirani alipopita kwenye ua akaita, “Mwalimu, unafuma nini?” niliiona ndoano yake ikisimama hewani.

“Vipande tu,” nikajibu mimi.

Jirani alitutazama, mmoja kisha mwingine. “Ahaa,” akasema, akaendelea na njia yake, ila sasa alitembea kwa haraka zaidi, kama mtu aliyekumbuka kwamba nyumbani kuna sweta kuukuu.

Niliingia chumbani nikafungua sanduku langu. Kitambaa cha Cucu bado kilikuwa pale, na ndani yake kile kipande. Manjano yamefifia, na spoku zimeshika kutu, vitanzi vikakataa kuteleza mpaka nilipozipaka mafuta ya kupikia. Uzi wake ulikuwa bado umeviringwa pembeni, donge dogo kama limau. Nilidhani vidole vimesahau. Havikusahau. Nilifuma mpaka mwisho, nikafunga kitanzi cha mwisho, nikainamisha kichwa. Kisha nikatoka, nikakiweka kwenye kikapu cha Wawira juu ya vyake.

Alikichukua, akakigeuza.

“Hiki si kroshia, Cucu.”

“Si kroshia.”

Alipanua vidole vyake juu yake, toka kidole gumba hadi cha mwisho, na kikalingana.

“Kitafaa?” akauliza.

“Kitafaa,” nikasema. Halafu, kwa sababu macho yangu hayakuwa tena ya kuaminika, nikamtuma aende aone kama kuku wametaga.